Somo la 9: Neno “Hell” na Funguo za Kuzimu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 37:35, Zaburi 146:3, 4, Mhubiri 9:5–10, Yeremia 7:30–34, Mathayo 10:28, Luka 16:19–31, Matendo 2:22–36, Ufunuo 20:11–15.

Fungu la kukariri: Ufunuo 1:17, 18. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia anayoitumia.

Kuna neno la Kiingereza lenye herufi nne tu ambalo limewatia watu hofu kwa karne nyingi. Neno hilo ni hell. Hata asiyejua Kiingereza amekutana nalo kwa njia moja au nyingine, kwa sababu vitabu, filamu na mahubiri mengi tunayoyapokea yametafsiriwa kutoka lugha hiyo. Viongozi wengi wa vikundi vya Shule ya Sabato huandaa somo wakiwa na Biblia mbili mezani, moja ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza. Hapo hukuta jambo la kushangaza: mahali pamoja Biblia ya Kiingereza ya King James inasema hell na yetu inasema kuzimu, mahali pengine ile inasema tena hell, lakini yetu inasema jehanum. Je, kuzimu na jehanum ni kitu kimoja?

Swali hili si la wapenda kamusi peke yao. Linaingia nyumbani siku ya msiba. Mzazi aliyemzika mwanawe ambaye hakuwa amebatizwa, au mjane ambaye mumewe alifariki ghafla bila kuaga, hukesha akijiuliza: yuko wapi sasa? Anateseka? Jibu tunalompa mtu huyo halimwelezi tu habari za marehemu. Linamweleza pia Mungu wetu ni wa namna gani.

Juma hili tutafuatilia asili ya neno hili fupi, kisha tutalipeleka mbele ya Maandiko ili Maandiko yenyewe yatufundishe.

JUMAPILI
Neno lililomaanisha “kufunika”

Neno hell ni la zamani kuliko Ukristo katika Uingereza. Augustino alipowasili Canterbury mwaka 597 kuwahubiri Waingereza, watu hao walikuwa na neno hel au helle katika lugha yao. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na shina la kale lenye maana ya kufunika au kuficha. Ndugu zake wapo hata leo katika Kiingereza: helmet, yaani kofia ngumu inayofunika kichwa, na hull, ganda linalofunika punje ya nafaka. Zamani fundi wa kuezeka nyumba katika sehemu fulani za Uingereza aliitwa hellier, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunika nyumba kwa paa.

Kwa hiyo, kwa asili yake, hell ni mahali palipofichika, mahali ambapo wafu wamefunikwa wasionekane. Ndani ya shina hilo hamna moto. Katika hadithi za kale za watu wa Skandinavia, ambazo Snorri Sturluson wa Iceland aliziandika katika karne ya 13, Hel ni jina la mtawala wa wafu na la makao yake. Waliokwenda kwake ni waliokufa kwa ugonjwa na uzee.

Wahubiri wa Kikristo walipohitaji neno la kutafsiria Kilatini kilichotaja “mahali pa chini”, walilichukua neno hilo lililokuwa tayari vinywani mwa watu. Baada ya hapo likaanza kujazwa mambo mengine. Kuta za makanisa zilichorwa mashetani na matanuru. Mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi Dante wa Italia alitunga safari yake ya kuwaziwa katika ngazi za mateso, na picha zake zikaenea Ulaya nzima.

Hata hivyo maana ya zamani haikufutika mara moja. Kanuni ya Imani ya Mitume katika Kiingereza cha zamani hutamka kwamba Kristo alishuka hadi hell. Neno la Kilatini lililotafsiriwa hapo lilihusu makao ya wafu walio chini. Leo matoleo kadhaa ya Kiingereza yamebadilisha na kusema tu kwamba alishuka kwa wafu, ili msomaji asikwazike.

Neno ni kama kikapu. Jina la kikapu laweza kubaki lilelile miaka elfu, huku kilichomo ndani kimebadilishwa mara nyingi.

Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walifanya nini walipoletewa mafundisho? Ni mafundisho gani kuhusu kifo uliyoyapokea tangu utotoni bila kuyachunguza kwa njia hiyo?

JUMATATU
Kikapu kimoja, maneno manne

Watafsiri wa King James, Biblia iliyotoka mwaka 1611, walitumia hell kwa ajili ya maneno manne tofauti ya lugha za asili.

La kwanza ni Sheoli la Kiebrania, linalopatikana mara 65 katika Agano la Kale. Watafsiri hao waliliandika hell mara 31, kaburi mara 31, na shimo mara 3. La pili ni Hadesi la Kigiriki, ambalo ndilo lililotumika badala ya Sheoli. Hilo waliliandika hell mara 10. La tatu ni Gehena, mara 12. La nne linatokea mara moja tu, katika 2 Petro 2:4, nalo limetokana na Tartaro, gereza la kuzimu katika hadithi za Wagiriki. Petro analitumia kwa malaika walioasi wanaongoja hukumu. Hasemi lolote pale kuhusu wanadamu waliokufa.

Soma Mwanzo 37:35, Ayubu 14:13 na Zaburi 9:17. Ni nani anayetarajia kwenda kuzimu katika kila fungu?

Katika mafungu yote matatu neno la Kiebrania ni lilelile, Sheoli. Yakobo, mzee wa imani, anatarajia kushukia huko akimlilia Yusufu. Ayubu, mtu mkamilifu, anatamani afichwe huko mpaka Mungu amkumbuke. Waovu nao wanakwenda hukohuko. Lakini katika King James, Yakobo na Ayubu wanakwenda kaburini, na waovu wanakwenda hell. Msomaji wa Kiingereza anaona mahali pawili pale ambapo Musa na Daudi waliandika pamoja.

Waingereza wenyewe waliona tatizo hili. Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 liliandika Hadesi, na Biblia ya Marekani ya mwaka 1901 ikaandika Sheoli na Hadesi kama yalivyo. Msomaji wa Kiswahili ana nafasi njema hapa. Biblia yetu ya Union Version, iliyochapishwa nzima mwaka 1952, kwa kawaida huweka kuzimu kwa Sheoli na Hadesi, na jehanum kwa Gehena. Tofauti ambayo King James iliificha, sisi tunaiona kwa macho.

Soma Mhubiri 9:5, 6, 10. Orodhesha mambo ambayo, kwa maneno ya mwandishi, hayapo kuzimu. Orodha hiyo inaacha nafasi gani kwa mateso au kwa furaha?

JUMANNE
Kuzimu na mizimu

Tusije tukawacheka Waingereza. Neno letu kuzimu nalo lilikuwa na mambo yake kabla Biblia haijaletwa. Lina shina moja na mzimu na mizimu, shina linalopatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Kiambishi ku- ni cha mahali. Kuzimu ni kwa mizimu, wanakokaa wahenga. Na katika imani za jadi wahenga hao hawajalala: wanaona, wanakasirika wakisahauliwa, wanadai tambiko, na wanaweza kuleta ugonjwa katika ukoo.

Watafsiri walifanya kwa Kiswahili kile ambacho wahubiri wa kale walifanya kwa Kiingereza. Walichukua neno lililokuwepo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kueleweka. Kazi ya kulisafisha neno wakaliachia fundisho la Biblia.

Kazi hiyo haijaisha. Siku hizi shuhuda za watu wanaodai kuwa wamepelekwa kuzimu na kurudishwa husambazwa kwenye simu zetu. Wanasimulia habari za ofisi za Shetani chini ya bahari na za marehemu wanaojulikana waliowakuta wakilia ndani ya moto. Watoto wetu husikiliza. Waliofiwa nao husikiliza, na wengine husikia jina la ndugu yao likitajwa.

Soma Zaburi 6:5, 115:17, 146:3, 4 na Isaya 8:19, 20. Mafungu haya yanatupa kipimo gani cha kupima shuhuda kama hizo?

Biblia inasema kwamba siku mtu anapokufa mawazo yake hukoma. Ikiwa hivyo, marehemu hawezi kutukasirikia wala kutuombea. Hahitaji kutulizwa kwa tambiko, na sauti inayojiita kwa jina lake si yake.

Wengine watauliza kuhusu tajiri na Lazaro. Ni swali la haki, na tusilikwepe. Soma Luka 16:19–31. Yesu anataja Hadesi, na tajiri anazungumza akiwa katika mwali wa moto. Lakini simulizi hili limo katika mfululizo wa mifano inayoanza Luka 15. Tukilichukua kila neno kama lilivyo, itatubidi kusema kwamba waliookoka huketi kifuani pa Abrahamu wakizungumza na waliopotea, na kwamba tone la maji kwenye ncha ya kidole laweza kupunguza joto la moto ule. Ujumbe wenyewe uko mwishoni, katika fungu la 31: asiyewasikiliza Musa na manabii hatashawishika hata mtu akifufuka. Yesu aliwaonya matajiri wasiojali maskini mlangoni pao, na aliwaonya wakiwa bado hai, wakati wa kutubu.

JUMATANO
Jehanum: bonde lenye historia

Gehena ni jina la bonde ambalo mtu aweza kulitembelea leo. Kwa Kiebrania ni Ge-Hinomu, bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu ya kale. Yoshua 15:8 inalitaja katika mpaka wa Yuda. Jina hilo lilipita katika Kigiriki na katika Kiarabu, na kupitia Kiarabu likatufikia sisi kama jehanum.

Soma 2 Mambo ya Nyakati 28:3. 33:6 na Yeremia 7:30–34. Nini kilifanyika katika bonde hili, na Mungu alikionaje?

Wafalme Ahazi na Manase waliwateketeza watoto wao humo kwa moto kwa ajili ya miungu. Mfalme Yosia alipaharibu mahali hapo ili mtu asirudie tendo hilo (2 Wafalme 23:10). Kwa kinywa cha Yeremia, Mungu alisema kwamba hakuwahi kuagiza wala kuwaza jambo kama hilo. Kisha akatangaza kwamba bonde hilo litakuwa mahali pa hukumu, lililojaa maiti hata pakose nafasi ya kuzikia.

Tafakari kidogo. Mungu aliyechukizwa na watoto kuchomwa kwa saa moja katika bonde la Hinomu, je, ndiye atakayewachoma watoto wake katika Jehanum bila mwisho?

Yesu alipotumia jina hilo, wasikilizaji wake walijua historia yake. Katika Mathayo 10:28 anasema kwamba Mungu aweza kuangamiza mwili na roho katika jehanum. Kitenzi ni kuangamiza. Katika Marko 9:48 anakumbusha Isaya 66:24, ambako funza na moto vinakula maiti, si watu walio hai.

Na “moto wa milele”? Yuda 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto huo, lakini Sodoma haiwaki leo. Yeremia 17:27 ilitabiri moto usiozimika katika malango ya Yerusalemu. 2 Mambo ya Nyakati 36:19 inaeleza ulivyowaka. Hakuna aliyeweza kuuzima mpaka ulipomaliza kazi yake. Matokeo yake ndiyo ya kudumu.

Hatusemi haya ili kulainisha hukumu. Jehanum ni jambo la kuogopwa kweli, na Yesu analitaja kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Agano Jipya. Kupotea ni kupotea kabisa (Malaki 4:1–3). Lakini moto huo uliandaliwa kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake (Mathayo 25:41), na Mungu hafurahii kufa kwake mwovu (Ezekieli 33:11).

Mtu anayemtumikia Mungu kwa kuhofu mateso yasiyo na mwisho, na mtu anayemtumikia kwa kuujua upendo wake, watatofautianaje katika maisha ya kila siku?

ALHAMISI
Ni nani anayeshika funguo?

Soma Matendo 2:22–36. Petro anathibitishaje kwamba Zaburi ya 16 inamhusu Yesu na si Daudi?

Siku ya Pentekoste Petro alisimama Yerusalemu na kutaja kaburi. Alisema Daudi alikufa, akazikwa, na kaburi lake bado lipo. Wala Daudi hakupanda mbinguni. Lakini Yesu hakuachwa kuzimu. Katika King James neno hapo ni hell, na wengi wamewaza kwamba Yesu alikwenda motoni kati ya Ijumaa na Jumapili. Petro hakuwa na wazo hilo. Hoja yake ni kwamba Mwokozi alikuwa amekufa kweli, amelala mahali wanapolala wafu wote, na Mungu akamfufua.

Hapo ndipo neno kuzimu linapokuwa habari njema. Yesu hakuitazama kuzimu kwa mbali. Aliingia humo, akatoka, na akatoka na funguo (Ufunuo 1:18). Mwenye funguo za nyumba ndiye anayeamua mlango ufunguliwe lini.

Soma Ufunuo 20:13, 14. Kuzimu inafanya nini, na mwisho wake ni nini?

Angalia mfuatano. Kwanza kuzimu inawatoa wafu waliomo. Kisha kuzimu yenyewe inatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu ingekuwa ndilo ziwa la moto, ingewezaje kutupwa ndani yake yenyewe? King James inasema hell ilitupwa katika ziwa la moto, na neno moja lililobebeshwa mizigo miwili linashindwa hapo kujieleza. Maana iko wazi: kifo kitakufa. Hapatakuwa tena na mahali pa kuwaficha wapendwa wetu.

Kwa hiyo twaweza kumwambia nini yule mzazi aliyemzika mwanawe? Twaweza kumwambia kwa uhakika kwamba mwanawe hateseki usiku huu. Amelala. Mambo yake yako mikononi mwa Hakimu anayeujua moyo wake kuliko sisi, ambaye mwenyewe amelala kaburini. Zaidi ya hapo tusiseme: tusimtangaze marehemu kuwa ameokoka wala kuwa amepotea. Uamuzi huo si wetu, na mwenye kuushika ana alama za misumari mikononi.

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma tena Mhubiri 9, Yohana 11:11–44 na 1 Wakorintho 15:50–57. Katika Yohana 11, angalia kwamba Lazaro alikuwa amekufa siku nne, lakini hakuna aliyemuuliza alikokuwa, wala yeye hakusimulia lolote. Ukiweza, soma pia katika Pambano Kuu la Ellen G. White sura inayohusu udanganyifu wa kwanza wa Shetani, ukiifananisha na Mwanzo 3:4.

Neno hell lilianza likimaanisha mahali palipofunikwa, kuzimu lilianza likimaanisha kwa mizimu, na jehanum ni jina la bonde. Kila neno lilikuja na historia yake. Maandiko huyapokea maneno ya wanadamu, lakini hayakubali kutawaliwa nayo. Kazi ya mwanafunzi wa Biblia ni kuuliza kila mara: je, nimelijaza neno hili kwa Neno la Mungu, au kwa yale niliyoyasikia?

Maswali ya kujadili

1. Kila mshiriki aeleze picha iliyomjia akilini alipolisikia neno “jehanum” kwa mara ya kwanza. Picha hiyo ilitoka wapi? Ni sehemu gani yake inayopatikana katika Biblia?

2. Katika msiba wa jirani asiye wa imani yetu, mhubiri anasema kwamba marehemu sasa anatutazama. Ni wakati gani wa kusema, na ni wakati gani wa kunyamaza na kuchota maji au kupika na waliofiwa? Tunawezaje kushuhudia bila kubishana mbele ya jeneza?

3. Mtoto wako anakuonyesha kwenye simu ushuhuda wa mtu aliyedai kwenda kuzimu. Mtasoma mafungu gani pamoja?

4. Baadhi ya watu husema kwamba bila fundisho la mateso yasiyo na mwisho watu hawataacha dhambi. Jibuni kwa kutumia Warumi 2:4 na 1 Yohana 4:18.

5. Je, yuko mtu katika kundi lenu, au karibu na nyumbani kwako, aliyefiwa mwaka huu na ambaye bado anabeba hofu hii? Pangeni ni nani atakayemtembelea juma hili, na fungu gani atakalomsomea.